Zebrano (mbao ya milia) ya Benz W124 imepasuka vanishi, nifanyeje?

Mwenye300E: Wakuu, habari. Gari ni 300E ya 1989. Ile mbao inayozunguka gia na swichi za vioo imejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, nyingi zinaanzia kwenye kona za matundu ya swichi. Fundi anataka kupiga msasa kidogo kisha klia (vanishi angavu ya kupulizia) juu. Nimruhusu?

Laka_Safi: Usimruhusu mkuu. Vanishi ya chini itaendelea kutanuka na kusinyaa kwa joto la jua, na nyufa zitapanda hadi kwenye klia mpya. Ya zamani iondoke yote. Pasha kwa bunduki ya hewa moto, usiitulize sehemu moja. Ikilainika, kwangua kwa chuma kilicholazwa karibu bapa, ukifuata mistari ya mbao. Moto ukizidi, gundi inaachia na vinia (lile ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu) inavimba. Mfuniko wa sahani ya majivu ufanye siku hiyohiyo, la sivyo rangi hazitalingana.

Msasa240: Naongezea hapo. Vinia ile ni nyembamba mno, haifiki milimita moja. Ukishakwangua, tumia msasa 240 uliozungushwa kwenye kibao, kwa mkono, kisha 320. Mashine hapana! Kingo za matundu ndizo hutoboka kwanza, zipitie kwa 320 peke yake.

Mwenye300E: Nimewaelewa. Na klia?

Laka_Safi: Klia ya magari ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha). Nyingi ni klia 2 kwa hadina 1, ila fuata kopo lako. Zebrano ina vinyweleo vikubwa, kwa hiyo usitegemee mkupuo mmoja mzito: juu itakauka, thina (kiyeyushi) itabaki ndani, na baada ya wiki chache uso utabonyea kwenye kila mstari. Piga mikono 3 myepesi, dakika 10 hadi 15 kati yake. Kesho yake sawazisha kwa msasa 600 wa maji, piga mikono 3 mingine. Iache wiki nzima, ndipo msasa 1500, 2000 na polishi. Hadina ina isosianeti, ni sumu kwa mapafu: vaa barakoa ya vichujio vya mvuke, kitambaa hakitoshi, na pulizia penye hewa.

KonaYaVinia: Ukikuta vinia imeinuka, ingiza epoksi kwa sindano, weka nailoni juu, bana kwa kibao hadi kesho yake. Gundi ya viatu usiiguse, thina ya klia inaiyeyusha na gari likikaa juani pananyanyuka tena.

Msasa240: Kabla ya kurudisha swichi, punguza klia iliyojikusanya ndani ya matundu. Swichi ikiingia kwa kulazimishwa, ufa mpya unaanzia kwenye kona ileile.