Naomba ushauri: baba ana saratani ya pafu, sasa magoti yanamtesa

Habari zenu ndugu. Tunaishi Arua, baba anatibiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, Kampala. Magoti na vifundo vya miguu vimemvimba, na usiku ndiyo balaa: hata shuka likimgusa analia. Ncha za vidole zimenenepa, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko.

Daktari anasema saratani haijaingia mifupani. Ni utando wa juu ya mfupa unaovimba kwa sababu ya ile saratani ya pafuni, jambo la nadra. Majirani wanashikilia ni baridi yabisi, wanamletea dawa za kuchua.

Aliyeuguza mgonjwa wa hivi, maumivu yalipungua pafu lilipotibiwa? Na mofini ya maji, ile dawa ya bure ya maumivu makali, huku West Nile mnaipata wapi? Safari ya Kampala inammaliza mzee.