Mjadala: Hili neno "kompaundi" litoke kwenye mikataba ya kupanga

Wakuu, naomba tulijadili hili. Nimepanga Nkuhungu, hapa Dodoma, chumba na sebule. Mkataba wote ni wa Kiswahili, isipokuwa mstari mmoja: "Mpangaji atatumia eneo lililo ndani ya kompaundi." Nikasaini bila kuuliza.

Nje ya ukuta, kati ya tofali na bikoni ya mpaka, kuna kipande cha ardhi kama hatua sita. Nikakilima, nikapanda mchicha, nikawa naumwagilia maji niliyooshea mboga. Siku natoka na ungo kwenda kuchuma, nakuta matuta matupu, mizizi inakauka juani. Mwenye nyumba anasema kompaundi inaishia ukutani. Mimi nilijua ni eneo lote mpaka bikoni.

Kiswahili kingetuamulia ugomvi huu kabla haujaanza. Kinachozunguka ni uzio. Pale tunapoanika nguo na watoto wanapochezea ni ua. Chote mpaka bikoni ni kiwanja, na ndivyo hata karatasi za ardhi zinavyosema: kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Kompaundi ni kipi kati ya hivyo?

Dalali, Ilazo: Pole dada, ila usililaumu neno. Nikimwambia mteja nyumba ina ua mzuri, ananiuliza ua gani, waridi? Mpaka useme nyua au maua ndipo aelewe. Nikisema kompaundi anajua hapo hapo: kuna ukuta, kuna geti, gari linalala ndani. Na hiyo bikoni yako nayo ni ya kuazima.

Mzee, Chamwino: Wanangu, kuazima hakuna ubaya. Hata Waingereza wanasemekana waliliokota neno hilo Asia, kwa Wamalei, wanaoita kijiji kampung. Na boma letu limo kwenye kamusi zao. Ila mimi nimekulia kwenye tembe ya Kigogo: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa bapa la udongo, imezunguka pande zote, ng'ombe wanalala katikati. Ukuta wa nyumba ndio uliokuwa uzio, na kila mtu alijua wake unaishia mlango gani. Siku hizi tunajenga ukuta kwanza, halafu tunaulizana ndani ni wapi.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee, asante. Dalali, nakubali, kwenye simu na barabarani sema kompaundi, mteja akuelewe. Hata bikoni ni ya kuazima, lakini ni jiwe, naweza kulishika. Kompaundi nilitozwa kodi yake miezi sita bila kujua inaanzia wapi. Mkataba mpya nimeuandika kwa mkono wangu: "kiwanja chote, bikoni hadi bikoni, pamoja na eneo lililo nje ya ukuta." Mwenye nyumba kausoma mara mbili, kasaini. Mliowahi kugombana kwa neno kama hili, mkataba wenu uliandikwaje?