Niko mapokezi gesti, "askari" wanapiga picha kitabu cha wageni halafu wateja wanatishiwa. Nifanyeje?

Dogo wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Dar, zamu ya usiku. Wateja wetu wengi ni wa muda mfupi, watu wazima mnaelewa, sina haja ya kufafanua.

Mwisho wa mwezi huwa wanakuja jamaa wawili, nguo za kiraia, mmoja ana redio ya upepo kiunoni. Kitambulisho hawaonyeshi. "Kitabu kiko wapi?" Wanafungua, wanapiga picha ukurasa wa siku hiyo kwa simu, wanaondoka. Kile kitabu mnakijua: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi.

Sasa wiki hii mteja kanipigia anafoka. Katumiwa meseji kwamba picha zake akiwa na kahaba zipo, atume laki tatu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo mkewe na ofisini kwake wanazipata. Anadai laini ile hana mazoea ya kuigawa, aliiandika kwangu tu. Wa pili kaja mwenyewe, nusura anikunje shati. Bosi ananiambia ninyamaze, eti hao ndio wanaotulinda.

Nikikataa kutoa kitabu nawekwa ndani? Na hao wateja wana kesi gani hasa mpaka waogope hivyo?

Kiti cha Nyuma

Ndiyo maana mimi kwenye vile vitabu ni Juma Hamisi, mkulima, natoka Morogoro nakwenda Morogoro 😂

Dogo wa Zamu

Mkuu, kuna siku nilikuwa na Juma Hamisi wawili ukurasa mmoja. Siku hizi bosi anataka na namba ya NIDA.

Wakili wa Kijiweni

Mdogo wangu, naanza na wateja wako maana hofu yao ndiyo mtaji wa hao jamaa.

Kanuni ya Adhabu imewalenga zaidi wanaoishi kwa mapato ya ukahaba na wenye kuweka nyumba au chumba kwa kazi hiyo. Kwa mteja, kinachotumika mara nyingi ni vile vifungu vya uzururaji, vinavyomgusa mtu anayeshawishi mwenzake hadharani kwa nia ya uasherati. Ni makosa madogo. Hata hivyo akikamatwa atalala mahabusu, na jina litasomwa mahakamani. Mtu anatoa laki tatu ili mama watoto asijue, jela wala haiwazi. Tapeli analijua hilo kuliko mimi na wewe.

Kuna mstari mmoja ambao hauna udogo: umri. Aliye naye akiwa chini ya miaka 18, hiyo ni kesi ya kubaka hata kama binti mwenyewe alikubali na kupokea pesa, na adhabu haishuki chini ya miaka 30. "Aliniambia ana ishirini" usiitegemee. Wewe wa mapokezi ukimwona mtoto anapandishwa ngazi, hapo piga simu polisi wewe mwenyewe, usisubiri wa kiraia.

Kuhusu kitabu: polisi kukagua kitabu cha wageni si jambo geni, na ukimzuia askari wa kweli aliye kazini utajitafutia kesi nyingine. Usikatae, ila mwombe kitambulisho. Andika jina, namba yake ya askari, kituo, saa, na anachunguza nini, kisha asaini. Akitaka kuondoka na kitabu, akupe hati ya kuchukua mali yenye sahihi na mashahidi. Askari mwenye kazi halali hakasiriki kwa hilo, au akikasirika atasaini.

Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Gesti inayokusanya majina, simu na NIDA inawajibika kuzitunza. Huyo bosi anayesema unyamaze, muulize kama amejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na kabila la mgeni analihitaji la nini?

Bi Mkubwa Tandale

Nimesoma mpaka hapa, naona huruma zote kwa wenye ndoa zao. Msako ule wa wanaojiuza Sinza Juni 2024, waliofikishwa mahakamani sura zikazagaa mitandaoni ni akina nani? Mabinti. Mwanaume jina lake likipigwa picha tu, uzi mzima unaleta wakili. Dogo, na wale dada wanaopita hapo kwako nao wanaombwa hela na hao hao wenye redio. Waulize.

Dogo wa Zamu

Mama, ni kweli. Mmoja aliniambia yeye hutoa elfu kumi kila wakija, hata kama siku hiyo hajapata kitu. Sikuliandika kwa sababu mada niliianzisha kwa ajili ya kitabu.

Mbeba Mabegi, Malmö

Huku Uswidi wameigeuza. Tangu 1999 anayeuza hashtakiwi, anayenunua ndiye mwenye kosa, na tangu 2011 kifungo kinafika mwaka mmoja. Ufaransa nao wakafuata 2016 kwa faini. Polisi wa huku wanafuatilia matangazo ya mtandaoni, wanakaa nje ya nyumba kwenye gari, wanamngoja mteja atoke. Wabongo wanaokuja kutembea wanadhani ni kama nyumbani, mezea tu yaishe. Hakuna wa kumpa elfu kumi.

Kiti cha Nyuma

Swali la maana sasa: polisi wanaweza kuvuta meseji zangu zote na huyo dada?

Wakili wa Kijiweni

Kwenye upelelezi kampuni ya simu inaweza kutakiwa kutoa rekodi. Lakini mfanyakazi wake kuzitoa kirafiki ni kosa, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inambana. Kwa kesi ya uzururaji sijaona anayehangaika hivyo. Wewe hofia simu yako mwenyewe ikiwa haina neno la siri, na daftari la dogo.

Dogo, waambie hao wateja wawili: wasitume hata shilingi, maana aliyelipa mara moja atarudiwa. Faini ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haiendi kwenye laini ya mtu. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ile namba ina mwenyewe, hata kama ni bibi wa kijijini aliyesajiliwa bila kujua. Ipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama ni askari kweli anayeomba hela, TAKUKURU 113, simu ya bure. Kama anajifanya askari, hilo ni kosa lake peke yake, na kutishia kusambaza picha za utupu kunamwingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Dogo wa Zamu

Yule wa kwanza ameshafuta meseji, anasema aliogopa mkewe asizione.

Wakili wa Kijiweni

Wa pili je? Mwambie asiguse kitu, aende na simu yenyewe kituo tofauti na cha mtaa wenu, na aombe namba ya RB (ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi) kabla hajatoka.