Naomba ushauri: kichocheo cha nikeli badala ya platini kwenye kuzalisha haidrojeni

Habari zenu wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili, kemia. Natafuta kichocheo (kitu cha kuharakisha mmenyuko) cha bei nafuu cha kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme, maana bei ya platini hatuiwezi. Nimepaka nikeli na molibdeni kwenye wavu wa nikeli, naupima ndani ya maji yenye potasiamu haidroksaidi.

Siku ya kwanza matokeo yalikuwa ya kawaida tu. Ila kadiri nilivyopitisha umeme, volti ya ziada ya kufikia miliampia 10 kwa sentimita ya mraba ikawa inashuka kila siku, yaani kichocheo kinaonekana kuwa bora zaidi. Nilifurahi sana, kisha nikashtuka: elektrodi yangu (kipande cha kupitishia umeme kwenye maji) ya upande wa pili ni waya wa platini! Platini huyeyuka kidogo kidogo upande wa chanya, ikaenda kujibandika upande wa hasi, ulipo wavu wangu. Huenda nimekuwa nikipima platini ileile ninayoikimbia.

Sasa nimekwama. Nikiweka fimbo ya grafiti, chembe za kaboni zikimomonyoka zitanisumbua? Au nitumie nikeli pande zote mbili? Na vipimo vya wiki tatu, nivitupe vyote? Msimamizi anasubiri ripoti. Aliyewahi kupitia hili anisaidie, tafadhali.