Kukaa kimya ukifuata pumzi kunakaribisha majini kweli? Niko Bagamoyo, naomba wenye uzoefu

Mama Vibua
Habari zenu humu ndani. Mimi nakaanga samaki hapa Bagamoyo pale sokoni ufukweni, mwaka huu mambo yamenibana, nina marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, sehemu mbili na mtoto yuko bweni. Sasa shida yangu kubwa ni usiku, nalala vizuri tu ila ikifika saa tisa macho haya, kichwa kinaanza hesabu, nimdai nani nimlipe nani, mpaka Alfajiri inaadhiniwa sijapata hata lepe na mchana naunguza samaki wa watu.

Kuna dada anafundisha yoga kwenye hoteli moja huwa ananunua kwangu, akaniambia nijaribu meditesheni, nikae nifumbe macho nifuate pumzi. Nikajaribu, kifua kikalegea kidogo lakini mawazo yakaja mengi kuliko mwanzo nikaacha. Halafu shangazi kanikuta nimekaa gizani hivyo kasema weee, kichwa ukikiacha kitupu majini wanakuja kupanga, na hiyo ni ibada ya Wahindi wewe Muislamu unaitafutia nini. Nauliza, ni ibada ya watu kweli? Na hayo mawazo kuwa mengi ni mimi nakosea au ndo ilivyo? Nyumba yenyewe ya kupanga, wapangaji kibao uwani, kimya hakuna. Msinicheke jamani.

Kijana wa Magomeni
Pole dada ila hayo mambo ni ya wenye hela, mtu kalipwa mshahara kashiba anakaa kwenye mkeka anapumua. Wewe una deni, deni halifutwi na pumzi. Tafuta wa kukukopesha kwa riba nafuu uwalipe hao kausha damu, usingizi utarudi wenyewe.

nesi_zamu ya usiku
@Kijana hujakosea kwenye deni, ila saa tisa ya usiku hakuna ofisi iliyo wazi ya kulilipa, kwa hiyo kuliwaza muda huo ni hasara tupu.

Dada yangu, nianze na la dini. Asili ya haya mazoezi mengi ni kweli India na kwa Wabudha, hilo shangazi hajadanganya. Mfano vipassana, meditesheni ya Kibudha, mwalimu mmoja anaitwa Goenka aliitoa Burma akaanza kuifundisha India mwaka 1969, kozi yake ni siku 10 na watu hawaongei. Lakini hii inayotumika mahospitalini ilitengenezwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao dawa zilikuwa haziwasaidii vya kutosha. Ni programu ya wiki 8 na mambo ya ibada aliyatoa. Ukihesabu pumzi zako hujamwabudu mtu. Na kuhusu majini kupanga, mwambie shangazi chumba sio kitupu, mwenye nyumba umo ndani umekaa macho unaangalia nani anapita mlangoni.

Hayo mawazo hayajaongezeka, yalikuwepo siku zote ila mchana kuna kelele za soko na simu, ukikaa kimya ndo unayasikia. Watu wengi wanaachia hapo hapo wanasema mimi siwezi. Kumbe akili ikikimbilia marejesho, ukashtuka kwamba imekimbia, ukairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza, hapo ndo umefanya zoezi lenyewe, hata kama itakimbia tena sekunde ileile. Hakuna mtu anayekaa bila wazo, anayekuambia anaweza anakuuzia kitu.

Ukiamka usiku usihangaike kukaa, baki umelala hivyo hivyo, vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu mpaka sita. Inakuja kama pumzi sita kwa dakika. Siri iko kwenye kutoa, ukitoa pumzi ndefu ule mshipa wa fahamu wa vagasi unaupunguzia moyo kasi na mwili unashuka presha za wasiwasi. Usiangalie saa, na simu iweke mbali.

Sasa nisikuuzie ndoto. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilitoa mapitio ya tafiti 47 zenye watu zaidi ya 3,500, wakaona inapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha kati, lakini haikuonekana kuzishinda dawa wala mazoezi ya mwili, na kwenye usingizi ushahidi ulikuwa hafifu. Kwa hiyo ni msaada, sio muujiza. Na kama umewahi kupitia kitu kizito, kipigo, ajali, kubakwa, ukifumba macho picha zinaweza kurudi, hapo fumbua, shika ukuta, simama utembee. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo asianze hii peke yake kabisa. Na wewe ukiona zaidi ya kuamka usiku umepoteza hamu ya kila kitu, unalia ovyo, na hali imekaa wiki mbili hivi haiondoki, nenda hospitali, usingoje pumzi.

Mzee wa Dunda
Assalaam alaykum mwanangu. Nesi kaeleza vizuri la mwili, ila nashangaa mtu wa Bagamoyo kufundishwa utulivu na wa hotelini wakati mji huu ndio mji wa zikri. Sheikh Yahya bin Abdallah, yule tunayemwita Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Kongo akiwa mtumwa mdogo, akaja kuwa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Qadiriyya hapa hapa mpaka alipofariki 1931. Na zikri ya Qadiriyya ina pumzi ndani yake, sauti inapanda inashuka na kifua kinafuata, ukisimama kwenye duara utaelewa.

Lakini hapa mimi na nesi tunaachana kidogo. Sura ya Ra'd aya ya 28 inasema kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia, sasa watu wanasoma neno kutulia wanaliruka lile la kumkumbuka. Zikri sio dawa ya usingizi, unaye unayemuelekea, utulivu ukija umekuja, usipokuja bado umemkumbuka. Kwa hiyo fanya pumzi za nesi kama mazoezi ya kiafya sina neno, lakini ikiwa unachotafuta ni kupona kwa roho kaa baada ya Magharibi na uradi wako, hata mfupi, Subhanallah thelathini na tatu ukizisema taratibu bila kukimbilia chungu jikoni. Shangazi atatulia pia.

nesi_zamu ya usiku
Shikamoo mzee. Sipingi, ila kuna mgonjwa hana nguvu hata ya kuomba, huyo naanza naye na pumzi, mengine yatakuja.

Mzee wa Dunda
Marahaba. Hapo sawa.

Mkazi wa Misheni
Sisi Wakatoliki huku misheni iko tangu 1868 na rozari ni hivyo hivyo, unarudia sala ileile huku ukitafakari fumbo moja moja, na Isaka kwenye Mwanzo 24 alitoka kwenda kutafakari kondeni jioni, sio kitu kigeni. Kuhusu kimya, dada, usitafute chumba. Ile njia ya miembe asubuhi mapema haina watu, tembea taratibu ukisikia miguu inavyokanyaga, ni meditesheni tosha na hakuna wa kukuuliza umekaa gizani unafanya nini.

Mama Vibua
Ahsanteni sana, mzee wangu ahsante, nesi ubarikiwe. Asubuhi mapema mie nawahi boti zinaingia siwezi kwenda kwenye miembe, ila kutoka nyumbani mpaka ufukweni natembea, basi nitafanya njiani. Saa tisa nitapumua nne kwa sita. Swali la mwisho, nikisinzia katikati ya kuhesabu inaharibika?

nesi_zamu ya usiku
😂 Dada, ukisinzia ndo tulichokuwa tunatafuta, lala.

Kijana wa Magomeni
Na la kausha damu fungua uzi mwingine utuambie wanakutoza kiasi gani kwa wiki na mkataba ulisaini vipi, maana wengine hawana hata leseni.