Godfather, Sholay, Seven Samurai, Shawshank… ipi ndo kali kupita zote? Tulinganishe hapa

MtuWaDeki
Wakuu, jumapili nilikuwa kwa shemeji tukabishana mpaka chai ikapoa. Yeye kashikilia filamu kali kuliko zote duniani ni The Shawshank Redemption, na hoja yake ni moja tu, ndo inayoongoza kwa kura kule IMDb, ile tovuti ya filamu, kwisha habari. Mi nikamwambia zile kura ni kipimo kimoja tu, sinema ina zaidi ya miaka mia na wengi wanaopiga kura hawajawahi kukaa chini wakaangalia hata picha moja ya kabla ya 1970.

Sasa naweka yangu hapa mniambie napotea wapi. Naangalia vitu vitatu. Ukiirudia ukiwa mtu mzima bado inakushika? Walokuja nyuma walichota nini kwake? Na cha tatu, kwangu ndo kikubwa, ukiiangalia hujui lugha hata neno moja unatoka na nini? Maana mi nimekulia Ifakara, kibanda cha video cha mabati, joto lile mnalijua, mtoto wa darasa la tatu sijui kiingereza sijui kihindi, na kuna picha nilitoka mle ndani nazijua kama hadithi za bibi.

Kwa hiyo: ya kwanza The Godfather (1972), ya pili Sholay (1975), ya tatu The Good, the Bad and the Ugly (1966), ya nne Terminator 2 (1991), na Shawshank (1994) nampa shemeji nafasi ya tano kwa heshima.

Godfather naiweka juu kwa sababu ya ile sehemu ya ubatizo, Michael, bosi wa mafia, anasimamia ubatizo wa mtoto wa dada yake, padri anamuuliza unamkataa shetani, anajibu namkataa, na huku vijana wake wanapiga watu risasi mji mzima. Huhitaji tafsiri pale. Sholay je, nani hapa hajawahi kumuigiza yule jambazi Gabbar Singh akitembea juu ya yale mawe na mkanda unakwaruza chini?

MtuWaRongai
Enyewe list ni poa lakini buda umeruka mama yao wote. Seven Samurai, 1954, Akira Kurosawa, Japan. Ni ndefu, masaa matatu na dakika 27, black and white, najua wasee wengi wataikimbia juu ya hiyo, lakini skiza.

Kijiji cha wakulima kimechoka na majambazi wanaokuja kila wakati wa mavuno, wanaamua kutafuta samurai, wale wapiganaji wa upanga, wa kuwalinda, na hawana pesa, malipo ni wali tu. Wakulima wenyewe wanakula mtama ndio samurai wapate wali. Wanapata saba. Hiyo stori ya kukusanya watu mmoja mmoja, kila mtu na kipaji chake, halafu mkaenda kazi pamoja, umeiona movie ngapi? Hollywood waliichukua mzima mzima 1960 wakatengeneza The Magnificent Seven. Sholay yako hiyo hiyo, mzee anaitwa Thakur anaajiri wezi wawili walinde kijiji, imetoka hapo. Na ile namba tatu yako? Dairekta wake Sergio Leone kabla afike hapo alitoa A Fistful of Dollars 1964, ambayo ni Yojimbo ya huyo huyo Kurosawa ikavalishwa kofia ya cowboy, wakapelekwa kortini na Wajapani wakalipwa. So kwa kipimo chako cha pili, mbili kati ya tano zako zinamdai mzee mmoja.

Stelingi_Hafi
Kaka wa Rongai nakuheshimu ila mimi masaa matatu na nusu hakuna rangi sijui. Mbona hamna hata moja ya ngumi hapo? Enter the Dragon 1973, Bruce Lee, ile ya chumba cha vioo, adui yuko kila kona na hujui yupi ni yeye na yupi ni kivuli, mpaka anaanza kuvunja vioo kimoja kimoja. Na jamaa alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai mwaka huo akiwa na miaka 32 tu, picha yenyewe haijatoka, hakuona dunia nzima ilivyochanganyikiwa. Sisi huku mtaani kila mtoto alikuwa anatengeneza nunchaku kwa vijiti na mnyororo wa mbwa. Mi nakwambia ukichukua kipimo cha lugha cha mtoa mada, Bruce Lee anawapiga wote maana ngumi haina lugha.

BintiMalindi
Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat lakini kwetu Unguja. Nnasoma listi zenu naona mabunduki, mapanga na ngumi, basi nimesema niseme.

Mamaangu, Mungu amrehemu, kwake hapakuwa na filamu ila mbili, Awaara (1951) ya Raj Kapoor na Mother India (1957). Enzi zao sinema ilikuwa ni kitu cha kujipamba, watu wanavaa, wanajitia udi, wanawake wanakwenda siku yao wanajaza ukumbi wanalia pamoja, wakirudi nyumbani nyimbo wanazo zote kichwani. Mother India mimi nimeiona ukubwani na watoto wangu. Nargis anaigiza mwanamke aliyeachwa na mume, ana deni la mkopesha riba wa kijiji halimaliziki, analima kwa mikono yake, ng'ombe wamekwisha anajifunga jembe mwenyewe. Mwisho mwanawe kipenzi Birju anageuka jambazi, anamteka binti wa watu siku ya harusi, na mama ndiye anayempiga risasi. Mtoto wake wa kumzaa. Kwa sababu heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya kila mwanamke pale. Hii ilifika mpaka kugombea Oscar ya filamu za kigeni, filamu ya mwanzo ya India kufika huko.

Ndugu MtuWaDeki, Godfather ni nzuri sikatai. Lakini angalia mwisho wake, mke wa Michael anafungiwa mlango usoni. Ndo yote filamu ile iliyonayo kuhusu wanawake, mlango. Labda ndo makusudi yao lakini mimi siwezi kuiweka juu ya ile iliyonifanya nimfahamu mamaangu.

MtuWaDeki
@BintiMalindi dada hapo kwenye mlango umenigusa, nimeiangalia mara nane sijawahi kuifikiria hivyo. Mother India sijaiona, naitafuta.

@MtuWaRongai haya nimekubali kuiangalia ya Wajapani, nipe wiki mbili.

@Stelingi_Hafi nunchaku na mimi nilitengeneza, ikanitoa jino. Ila Enter the Dragon ukimtoa Bruce mwenyewe kinabaki nini? Ndo maana sikuiweka.

KitiChaNyuma
Naona wote mnaenda na mapenzi ya moyoni, sawa, ila kuna kura moja ya watu wa kazi hii ambayo inafaa tuijue. Jarida la Sight and Sound la Uingereza tangu 1952 kila baada ya miaka kumi wanawauliza wahakiki. Mara ya kwanza ilishinda Bicycle Thieves ya Italia, baba na mtoto wanatafuta baiskeli iliyoibwa, bila hiyo baiskeli hana kazi. Kuanzia 1962 mpaka 2002 ikawa Citizen Kane tu, miaka arobaini na ushee hakuna wa kuigusa, na Orson Welles aliitengeneza akiwa na miaka 25. 2012 ikaingia Vertigo ya Hitchcock. 2022 wakapiga kura zaidi ya 1,600 na iliyoshika namba moja ni Jeanne Dielman ya 1975, dairekta ni Chantal Akerman wa Ubelgiji, mara ya kwanza mwanamke kukaa pale juu.

Niliiangalia kwa siku mbili, ni dakika 201. Mama mjane, Brussels, anamenya viazi, anatandika kitanda, anaosha vyombo, mchana anapokea wanaume kwa hela, jioni anakula na mwanae. Kamera haisogei. Saa ya kwanza nilikasirika kweli, nikasema hawa watu wanatuchezea. Ila siku ya pili ndani ya ile picha viazi vinapitiliza kuiva, anazunguka na sufuria hajui aiweke wapi, na mimi nikashtuka nimekaa wima kabisa kwenye kiti, kwa viazi! Kwa sababu tayari naujua mpangilio wake kama wa mama yangu mzazi. Baada ya hapo mpaka mwisho sikupumua vizuri. Sisemi iwe namba moja yangu, yangu ni Bicycle Thieves, lakini hakuna bomu la Terminator lililonishtua kama vile viazi.

Stelingi_Hafi
Masaa matatu kumenya viazi?? Mkuu nakuombea

KitiChaNyuma
Jaribu saa moja ya kwanza tu ndugu yangu halafu urudi hapa.

Nyamwezi85
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, Marekani, India, Japan, Italia, Ubelgiji. Waafrika tunapanga filamu za dunia na hatujajitaja hata mara moja, hii inaniuma.

Mimi naweka Black Girl ya Ousmane Sembène, Senegal, 1966. Ni kama saa moja tu kwa hiyo hamna kisingizio cha urefu. Binti anaitwa Diouana anatoka Dakar anaenda Ufaransa kwa wazungu aliowafanyia kazi ya kulea watoto, kafika Antibes watoto hawapo, anageuzwa mpishi na mfuaji, hatoki ndani, bahari anaiona dirishani. Kuna kinyago alichowapa zawadi, kimetundikwa ukutani kwao. Siwaambii mwisho. Ila mwisho kabisa yule bwana anarudisha vitu Dakar na mtoto mdogo anakivaa kile kinyago anamfuata nyuma nyuma njia nzima, yule mzungu anatembea anageuka, anatembea anageuka. Hakuna neno linalosemwa. Mtoa mada, hicho ndo kipimo chako cha tatu.

Na msidhani ni upendeleo wa nyumbani, hiyo pamoja na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty (1973) zimo ndani ya mia bora za hiyo kura ya 2022 aliyoisema KitiChaNyuma. Za kwetu karibu, Nairobi Half Life (2012) na Vuta N'Kuvute (2021) iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, kwangu ni nzuri sana ila bado changa kuzipanga na hizi, tuzipe muda.

BintiMalindi
@Nyamwezi85 nimeiangalia jana usiku baada ya kusoma ulichoandika. Mwanangu, huku niliko nawaona mabinti hao kila siku, wetu, wa Tanga, wa Mombasa, wa Kampala, wamekuja kwa mkataba wa kitu kimoja wakafika wakakuta chengine, na simu wamenyang'anywa. Filamu ya 1966! Nimezima taa nimekaa kizani muda mrefu. Mother India kwangu bado ya kwanza, hii nnaiweka ya pili, na hayo mengine jipangieni.

MtuWaRongai
Wah. Hiyo ya kinyago naitafuta leo leo.

Kidogo kwa shemeji wa mwenye thread, msimdharau sana. Shawshank ilipotoka 1994 kwa kumbi ilianguka, ikateuliwa Oscar saba na haikupata hata moja, ni watu wa kawaida na kanda na TV ndio waliiokota. Hiyo pia ni heshima yake.

MtuWaDeki
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimekuwa tatu, samahanini.

Seven Samurai nimeiangalia mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu. Kitu kilichonikamata mwanzoni ni wali. Mi mtoto wa Ifakara, kwetu ni mpunga, najua maana ya kuuza mchele wote ukabaki unakula kitu kingine, ile bakuli inapita kutoka mkono wa mkulima kwenda kwa samurai nikasimamisha picha nikatoka nje kidogo.

Mara ya pili nikamuita kijana wangu wa miaka tisa kwa ile saa ya mwisho, nikazima maandishi ya chini makusudi, nataka kujua kipimo changu kinafanya kazi au ni maneno tu. Kijapani hajui, mi sijui. Yule kiongozi wao Kambei ana karatasi kachora viduara, kila duara ni jambazi mmoja, akifa mmoja anapiga alama ya X juu yake. Dogo akaanza kuhesabu vilivyobaki kwa sauti. Mvua inanyesha, matope, farasi wanaingia, na hakuna hata sehemu moja aliyoniuliza huyu ni nani yule ni nani. @Stelingi_Hafi wewe utaumia, kati ya wale saba wanne wanakufa, na wote wanne kwa bunduki, hamna hata mmoja aliyezidiwa kwa upanga. Yule fundi wa upanga kuliko wote anaangushwa na risasi ya mtu aliyejificha ndani ya nyumba.

Kwa hiyo listi imebadilika: Seven Samurai, Godfather, Black Girl, Sholay, Mother India. Terminator imetoka na roho inaniuma. Sholay imeshuka sababu ni mtoto wa ile ya kwanza, ila Jai, mmoja wa wale wezi wawili, akifa bado nalia, na baada ya kujua kwamba Thakur alitakiwa amuue Gabbar mwenyewe, serikali ya India ikalazimisha polisi watokee, sasa najua kwa nini ule mwisho ulikuwa unanikwaza tangu utotoni. Shemeji nimempa flashi yenye tatu za juu, kaniambia ataanza na ile fupi.

Mwisho wa ile ya Wajapani wakulima wako shambani wanapanda mpunga, ngoma zinapigwa, wanaimba, na wale samurai watatu waliobaki wamesimama wanaangalia makaburi manne juu ya kilima, panga zimechomekwa kwenye udongo. Dogo akaniuliza, baba, mbona wale wanaimba na hawa wana huzuni na wote wameshinda?

Sijamjibu bado.