Mjadala: Kwa fedha zile zile, Mark X au Benzi ya C-Class?

Mleta mada

Wadau, habari za jioni. Nimelileta swali hili hapa kwa sababu ndani ya miezi mitatu nimeulizwa na watu wanne wa ofisini kwetu, na kila mmoja alikuwa na fedha zinazokaribiana na za mwenzake. Mtu amejiwekea akiba ya kununua gari moja la saluni lenye nguvu na mwonekano, atakaloendesha kila siku hapa Dar kutoka Tegeta hadi Posta na kurudi. Je, achukue Toyota Mark X au Crown Athlete, au kwa fedha hizo hizo achukue Mercedes-Benz C-Class au BMW ya mfululizo wa 3? Nautaja msimamo wangu mapema ili atakayenipinga ajue anapinga nini: kwa mwenye gari moja tu, tena asiye na fungu la pembeni kwa ajili ya matengenezo, Mark X ndiyo jibu, na sababu yake ni jiji tunaloishi kuliko ubora wa chuma.

Kwanza tuondoe dhana kwamba tunalinganisha gari la mnyonge na gari la mkubwa. Huko Marekani mjadala wa namna hii huwa kati ya Honda Accord au Mazda6 upande mmoja, na C-Class au BMW 3 upande wa pili, na hapo tofauti ipo hata chini ya bodi, kwa kuwa zile za kwanza huvutwa na matairi ya mbele. Mark X haikuuzwa huko. Ile ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2019, ina injini ya V6 yenye sentimita za ujazo (cc) 2,499 na nguvu za farasi 203, ina gia sita, na nguvu hizo huenda matairi ya nyuma kama ilivyo kwa C-Class na BMW 3. BMW 320i ya umbo la F30, ambayo ina tabo, hutoa farasi 184, na 320i ya E90 iliyoitangulia ilianza na farasi 150. Anayesema kwamba nembo ya Kijerumani ndiyo yenye mbio, asome karatasi za injini kwanza.

Mfano ulio wazi zaidi wa nembo kutangulia gari lenyewe ni Toyota Altezza, ambayo vijana wa Dar waliipenda mno enzi zake. Gari hilo ndilo lililouzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Lexus IS, Lexus ikiwa ni nembo ya kifahari ya Toyota hao hao. Walibadilisha nembo, mapambo kadhaa na bei. Lexus IS250 iliyofuata ikatumia injini ya 4GR-FSE, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Mark X ya 2.5.

Watetezi wa Benzi hunijibu kwa kodi, na hapo wana hoja ya kweli. Chukua magari mawili ambayo TRA, mamlaka ya mapato, imeyathaminisha kwa shilingi milioni 10 kila moja, yote yakiwa yamevuka miaka kumi. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unayafikisha milioni 12.5. Juu ya hapo, lenye injini inayozidi sentimita 1,000 lakini isiyozidi 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 na linalozidi hutozwa asilimia 10. Yote mawili huongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kisha VAT ya asilimia 18 hupanda juu ya jumla. Ukiacha ada ndogo ndogo, mwenye Mark X ya 2.5 atalipa shilingi 737,500 zaidi ya mwenye C180, yaani C-Class yenye injini isiyofika sentimita 2,000. Si fedha ya kudharau, ila hulipwa mara moja tu.

Kinachonitia hofu ni saa za injini. Asubuhi, kilomita takriban 25 za kutoka Tegeta hadi Posta kupitia Barabara ya Bagamoyo zinaweza kuchukua saa mbili, ambao ni mwendo wa wastani wa kilomita 12.5 kwa saa. Anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa mwendo huo, injini yake imekwisha kuunguruma saa 400. Watengenezaji wa Ulaya waliruhusu baadhi ya injini zao kukaa na oili hadi kilomita 25,000 na zaidi, lakini mtu anayekwenda kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu za kwao huzimaliza kilomita hizo kwa saa 250. Kwa hiyo mwenzetu wa Tegeta anayejiona mwangalifu ameichosha oili yake kuliko Mjerumani aliyekwenda umbali mara tano ya wake. Sasa injini zenyewe zilizojaa kwenye yadi zetu ni zipi? Ile ya N46 ya BMW 320i inajulikana kwa sili za vali zinazovujisha oili, ile ya M271 ya C180 na C200 Kompressor inajulikana kwa cheni ya taimingi (inayooanisha mwendo wa vali na pistoni) na meno yake kulika mapema, na zile za Audi A4 za 1.8 na 2.0 zenye tabo zinajulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni. Hizi ni injini nzuri zisizosamehe uzembe, na foleni yetu ni uzembe ambao mwenye gari hakuuchagua.

Nayasema haya kwa uchungu. Gari langu la kwanza lilikuwa la Kijerumani, la aina ambayo sitaitaja, na lilikaa kwa fundi wiki kumi na moja likisubiri kifaa kimoja kutoka nje. Wiki zote hizo nilipanda daladala huku nikikatwa mkopo wa gari hilo hilo kwenye mshahara. Sipendi kuona kijana mwingine akipita humo kwa sababu tu rafiki zake walimwambia kwamba Toyota ni gari la kawaida.

Mchangiaji wa Mbezi Beach

Kaka mleta mada, pole kwa wiki hizo kumi na moja. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina C-Class ya umbo la W204 kwa mwaka wa tano sasa, na naomba nikupinge kwa heshima katika mambo ambayo umeyapita haraka au hukuyagusa kabisa.

Umeongea farasi, kodi na oili, lakini hukutaja hata mara moja kitakachotokea gari likigongwa. BMW 3 ya E90 ilipata nyota tano za Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari kwa kuyabamiza, mwaka 2005, na C-Class yangu ilizipata mwaka 2009. Mark X haikuuzwa Ulaya, kwa hiyo kwenye majaribio hayo haimo, na mnunuzi wa Dar hana namna rahisi ya kuyaweka magari haya mawili kwenye mizani moja. Sisemi kwamba Mark X ni jeneza. Nasema kwamba ninapowafunga wanangu mikanda kwenda Morogoro, katikati ya malori na mabasi yanayopishana kwa kubahatisha, nataka gari ambalo mtu alilibamiza ukutani makusudi kisha akaandika alichokiona. Kwangu hilo linazidi wiki kumi na moja za daladala, na naamini hata wewe ukikaa ukafikiri utaona hivyo.

Pili, hesabu yako ya kodi umeiishia njiani. Benzi hushuka bei haraka kwenye soko la Japani, kwa hiyo fedha iliyokupa Mark X iliyovuka miaka kumi inaweza kukupa C180 ambayo bado haijafika huko. Tozo ya uchakavu kwa gari lenye miaka minane hadi kumi ni asilimia 15. Kwa mfano wako ule ule wa milioni 10, hiyo ni nafuu ya shilingi 2,212,500 ukihesabu na VAT, nje ya zile 737,500 zako. Kwa kiasi hicho ningeibadilisha cheni ya taimingi kabla haijaniletea shida, na chenji ikabaki.

Tatu, ada ya leseni ya barabara ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Tangu hapo mwenye V6 huilipa barabara kila anapoingia kituo cha mafuta, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei kikomo za mafuta, huumia kuliko mimi.

Tena injini hiyo ya 4GR-FSE unayoisifu haikosi ila yake. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali kuzisafisha, na masizi hujijenga kwenye vali za kuingizia hewa hadi injini ikaanza kutetema. Wenye Lexus IS250 wa Marekani walililalamikia jambo hilo miaka mingi. Saa zako 400 za foleni zinamhusu na mwenye Mark X pia.

Fundi wa Ilala

Ndugu zangu, mimi hufungua injini za pande zote mbili, na nitasema ninachokiona mkononi.

Magari ya Kijerumani yanayoletwa kwangu yamekufa, mengi yaliuawa na fundi aliyeyatengeneza kama Toyota. Dar kuna mazoea ya kung'oa themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Toyota ya zamani itavumilia. BMW ambayo themostati yake inaendeshwa na kompyuta itawasha taa ya injini, italisha mafuta kupita kiasi, na mwenye gari ataambiwa kwamba gari ni bovu. Betri ni hivyo hivyo: E90 ikibadilishwa betri, betri mpya inatakiwa kusajiliwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo gari litaendelea kuichaji kama ile iliyochoka. Ni wangapi mmeona fundi akifanya hivyo pale barabarani? Halafu kuna rejeta kujazwa maji ya bomba, na gia boksi kujazwa mafuta yoyote mekundu yaliyopatikana karibu.

Spea ni habari nyingine. Kwa Mark X naweza kumtuma kijana kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani au Kariakoo asubuhi, akarudi na kifaa kabla ya saa sita. Kwa Mjerumani inabidi nitumie namba ya chesisi, kwa kuwa magari mawili ya mwaka mmoja, yaliyotofautiana mwezi tu, huweza kuchukua vifaa viwili tofauti, na anayenunua kwa kukisia atanunua mara mbili. BMW nyingi zilikuja na matairi yanayotembea bila upepo, kwa hiyo hazina hata nafasi ya tairi la akiba. Pancha ya usiku maeneo ya Kibaha huwa shughuli nzito kuliko mnavyodhani.

Lakini mleta mada nawe nisikilize. Mark X ninazoshauri watu wasinunue ni nyingi kuliko Benzi. Gari hili limependwa na vijana, wamelikata springi ili likae chini, wameligonga kwenye matuta hadi bushi na shokapu zimekwisha, na linauzwa likiwa limepigwa rangi mpya. Taa na vioo vyake vya pembeni huibwa kwa sababu soko lake lipo tayari. Anayenunua Mark X ya mtaani kwa kuamini jina la Toyota pekee, bila kulipima, anafanya kosa lile lile la mnunuzi wa Benzi.

Mstaafu wa Upanga

Wanangu, nitasema machache. Baada ya uhuru wenye vyeo tuliwaita Wabenzi, na jina hilo halikutokana na nyota za majaribio wala cheni ya taimingi. Hata leo, anayeomba ushauri juu ya Mark X na C-Class mara nyingi amekwisha kuamua kununua heshima na anatafuta wa kumuunga mkono. Si dhambi, mradi aliseme hilo kwa mkewe au mumewe kabla ya kutoa fedha. Mimi naendesha Mark II ya GX110, injini yake haifiki sentimita 2,000, na wakati nainunua niliambiwa na wengi kwamba nimejishusha.

Mleta mada

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante. Kwa wawili kati ya wale wanne wa ofisini umesema kweli kabisa.

Fundi, nimelipokea suala la springi zilizokatwa. Nilipoandika Mark X nilikuwa na picha ya gari linaloshuka bandarini, na sikufikiria lile ambalo limekwisha kupita mikono mitatu hapa hapa mjini. Msimamo wangu naufunga kwa sharti hilo.

Dada wa Mbezi Beach, juu ya kodi tunaweza kuendelea kubishana, kwa sababu tofauti ya umri wa magari ambayo fedha ile ile inanunua hubadilika kila mwezi kulingana na soko la Japani, na mnunuzi anapaswa kuipigia hesabu kwenye gari lenyewe analolitaka. Juu ya masizi ya vali, ni kweli, na niliyajua. Sikuyaandika kwa sababu yalikuwa yanaidhoofisha hoja yangu, na hilo halikuwa jambo la haki kwa wasomaji. Juu ya usalama sina jibu. Nimeligeuza jambo hilo kichwani tangu mchana, na kila ninapotaka kusema kwamba mwendo wa foleni hauui, naikumbuka barabara ya Chalinze, njia hiyo hiyo ya Morogoro.

Kwa hiyo wawili wanaoishi na kufanya kazi ndani ya jiji, wenye gari moja na mkopo, bado nawaambia wachukue Mark X isiyokatwa springi, wabadilishe oili kwa saa za injini badala ya kilomita. Wa tatu husafiri na familia yake kwenda Morogoro karibu kila mwisho wa wiki na ana fungu la matengenezo; huyo nitamwambia nilikosea, na nitampa hoja zako kama ulivyoziandika. Wa nne bado hajalipa. Fundi, ukiniruhusu nitamleta kwako Ilala Jumamosi pamoja na C180 anayoitamani, uipime kwa kompyuta na uisikilize cheni ya taimingi injini ikiwa ya baridi, kabla hajasaini chochote.